Namna ya Kutambua Nobu Zinazolingana kwenye Amplifaya za Zamani na Magita ya Besi

Tabora ni mji uliozilea Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids, kwa hiyo si ajabu hadi leo kukuta amplifaya ya vali au gita la besi la miaka ya 1960 limehifadhiwa kwenye stoo ya nyumba ya Isevya au Ng'ambo, likiwa na vumbi la viangazi vingi juu yake. Kigoma nako, ambako watu na bidhaa huvuka ziwa kwenda na kutoka Kongo, vyombo vya namna hii havijaisha. Vinapofika mezani kwa fundi, kitu kinachokosekana mara nyingi kuliko vyote ni nobu za kuzungushia sauti na toni. Nobu ndiyo sehemu inayochomoza nje, ndiyo inayogonga mlango gita linapobebwa, na ndiyo inayolegea taratibu hadi ikadondoka bila mtu kusikia. Mwenye chombo huweka yoyote aliyoipata, na baada ya miaka chombo kimoja huwa na nobu nne zenye asili nne.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kutambua nobu ipi inalingana na chombo kipi, na nobu zipi ni za seti moja. Kosa ninaloliona likirudiwa zaidi ni la kuanza na sura: mtu hutazama rangi na umbo, akalinganisha na picha, akanunua, kisha nobu ikagoma kuingia au ikaingia na kuyumba. Ninasisitiza utaratibu wa kinyume. Anza na shafti, yaani ule mhimili wa potenshiometa (kifaa cha ndani kinachopandisha na kushusha sauti au toni) unaobeba nobu. Kisha chunguza tundu lililo chini ya nobu. Kisha soma alama zilizobaki kwenye paneli. Sura iwe ya mwisho. Sura huigwa kwa urahisi sana, lakini kipimo cha shafti hakidanganyi.

Kabla ya kugusa

Piga picha za chombo kilivyo, kwa mbele na kwa ubavu, nobu zote zikiwa mahali pake. Kisha chomoa waya wa umeme. Kazi hii yote kwenye amplifaya inaweza kufanywa kwa mbele bila kufungua sanduku, na ninaomba sana ifanywe hivyo, kwa sababu kapasita, yaani vifaa vinavyohifadhi umeme, za amplifaya ya vali huweza kubaki na umeme wa volti 300 hadi 500 hata baada ya kuchomolewa ukutani. Asiyejua namna ya kuziondolea umeme huo kwa usalama asiingize mkono humo. Gita la besi la kawaida halina hatari hiyo, na linaweza kufunguliwa.

Tazama pia kibao cha maelezo nyuma ya amplifaya. Kikitaja volti 117 au 120, chombo kilitengenezwa kwa soko la Marekani au nchi yenye umeme wa aina hiyo, na kukichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 230 ni kukiunguza. Kinahitaji transfoma ya kushusha umeme. Kwa kazi yetu, kibao hicho kina faida ya pili: chombo cha Marekani kwa kawaida kina vipimo vya inchi, ilhali vya Japani na vya bara la Ulaya mara nyingi vina vipimo vya milimita. Vya Uingereza vya miaka hiyo vilitumia inchi kwa wingi. Huo ni mwelekeo tu wa kukuongoza, kwa sababu potenshiometa nyingi zimeshabadilishwa na mafundi waliotangulia.

Kutoa nobu

Geuza nobu polepole ukitazama ubavu wake kwa tochi. Ukiona tundu dogo, ndani yake mna skrubu ya kubana. Nobu nyingine zina skrubu mbili, kwa hiyo zungusha hadi mwisho kabla ya kuvuta. Nyingi za zamani huhitaji bisibisi bapa nyembamba. Zilizofuata baadaye huhitaji alenki. Hapa tofauti ya inchi na milimita hujitokeza tena: alenki ya milimita 1.5 huingia kwenye skrubu ya inchi moja ya kumi na sita, ambayo ni milimita 1.59, lakini hucheza na kuila pembe zake hadi skrubu isishikike tena. Ukihisi mchezo, acha na utafute alenki ya inchi. Skrubu iliyoshika kutu iwekewe tone la mafuta mepesi na iachwe hadi kesho yake.

Nobu isiyo na tundu ubavuni imesukumwa tu kwenye shafti. Usiinyanyue kwa bisibisi, kwa sababu utakwaruza paneli na huenda ukaupasua mdomo wa nobu. Pitisha kitambaa chembamba au kamba ya kiatu chini yake, izunguke pande zote mbili, kisha vuta juu kwa nguvu iliyo sawa. Nobu za bakelaiti, plastiki ngumu ya zamani, ni ngumu lakini hazipindi hata kidogo, zikilazimishwa hukatika.

Kuusoma mhimili

Shafti za vyombo vya zamani ni za aina chache. Ya kwanza ni ya mviringo, nzima, isiyo na mpasuko. Hiyo hutumia nobu yenye skrubu. Ya pili ina upande mmoja uliokatwa bapa, hivyo ukiitazama kwa juu ina umbo la herufi D. Ya tatu imepasuliwa katikati na ina meno madogo kuizunguka. Hiyo ndiyo ya nobu za kusukuma. Ya nne ni ya mihimili miwili, mmoja ndani ya mwingine, ambayo nitaieleza nitakapofika kwenye Jazz Bass, gita la besi la kampuni ya Fender ya Marekani.

Kwa shafti ya mviringo swali ni moja: je, ni milimita 6 au ni robo inchi, yaani milimita 6.35? Tofauti hiyo ya milimita 0.35 inaonekana ndogo, lakini ndiyo chanzo cha matatizo mengi. Nobu ya robo inchi ikivishwa kwenye shafti ya milimita 6 itaingia bila ubishi. Skrubu itaisukuma upande mmoja, na ukizungusha utaona ukingo wake ukipanda na kushuka. Nobu ya milimita 6 haiingii kabisa kwenye shafti ya robo inchi, na wapo wanaoipiga tupa shafti ili iingie, jambo ambalo haliwezi kurekebishwa.

Mwenye kalipa, kifaa cha kupimia unene, atapima mara moja. Asiye nayo achukue biti ya drili ya milimita 6, azungushe uzi mwembamba mizunguko 10 kwenye mkia wake, mizunguko ikilala bega kwa bega, kisha akate na kupima urefu. Afanye vivyo hivyo kwenye shafti kwa uzi uleule. Urefu ukiwa sawa, shafti ni ya milimita 6. Uzi wa shafti ukizidi kwa takribani milimita 11, ni ya robo inchi. Unene wa uzi hausumbui, kwa kuwa umeingia kwenye vipimo vyote viwili. Kipimo hiki nakipenda kwa sababu hakihitaji chombo cha kununua na kinatoa jibu lisilo na shaka.

Kwa shafti yenye meno, unene hautoshi, kwa sababu aina zote mbili zinakaribiana mno. Hapo ni lazima kuhesabu meno. Potenshiometa za Marekani, kama zile za kampuni ya CTS, zina mgawanyo wa meno 24 kwa mzunguko mzima. Zile za milimita, ambazo zimejaa kwenye vyombo vya Asia, zina mgawanyo wa 18. Kwa macho tu ni vigumu, hasa shafti ikiwa na uchafu. Sisi wa Tabora tuna msaada ulio karibu: nta ya nyuki. Chukua kipande, kipashe joto mkononi hadi kilainike, kisha kibonyeze na kukibiringisha kwenye shafti mzunguko mmoja. Alama za meno zitabaki kwenye nta, nawe utazihesabu kwa utulivu, ukikumbuka kwamba mpasuko wa katikati umekula nafasi za meno machache ambayo inabidi uyajumlishe. Nta hiyohiyo, ikiviringishwa kama kijiti na kusukumwa kwenye tundu la nobu, kisha nobu ikatumbukizwa katika maji baridi kwa muda mfupi, hutoka na umbo la ndani ya tundu: utaona kama lina meno, kama lina ubapa, na lina kina gani. Futa mabaki kwa kitambaa cha uvuguvugu kabla ya kurudisha.

Nobu ya meno 18 isisukumwe kwa nguvu kwenye shafti ya meno 24, wala kinyume chake. Plastiki ya zamani imekauka, na ufa huanzia ndani ambako hauonekani. Nobu inayolingana lakini imelegea kidogo ina dawa nyepesi: ingiza ncha ya kisu kwenye mpasuko wa shafti na uufungue kidogo sana, ujaribu, urudie ikibidi.

Shafti ya herufi D inahitaji uangalifu mwingine. Ubapa ndio unaoamua mshale wa nobu utaelekea wapi, na watengenezaji hawakukubaliana uwe upande gani. Nobu inaweza kuingia vizuri, ikashika, na bado mshale wake ukaonyesha upande usiofaa kwa robo au nusu mzunguko. Nobu ya aina hiyo hailingani, hata ikiwa nzuri kiasi gani.

Kuisoma paneli

Mahali nobu ilipokaa kwa miaka mingi huacha alama. Rangi ya paneli iliyofichwa chini ya nobu haikupigwa na jua wala kushikwa na vidole, hivyo hubaki duara lenye rangi tofauti kidogo na pembeni. Pima duara hilo kabla ya kusafisha chochote, kwa maana ndicho kipimo cha upana wa nobu ya asili. Ukiona maduara mawili, moja ndani ya jingine, nobu ilishabadilishwa angalau mara moja. Kwenye gita la besi tafuta mkwaruzo wa mviringo kwenye bamba la chuma au la plastiki, uliotokana na nobu iliyokaa chini mno.

Kisha tazama namba ziko wapi. Paneli yenye namba zilizochapwa kuizunguka shafti ilikusudiwa nobu ya mshale au yenye mstari. Paneli yenye alama moja tu juu ya kila shafti ilikusudiwa nobu iliyobeba namba yenyewe kwenye sketi yake, yaani ule ukingo mpana wa chini. Kuna jambo ambalo wengi hawalitambui: kwenye paneli namba hupanda kufuata mwendo wa saa, lakini kwenye sketi ya nobu hupanda kinyume na mwendo wa saa, kwa sababu nobu ndiyo inayozunguka na alama imesimama. Kuweka nobu ya namba kwenye paneli yenye namba ni kuwa na vipimo viwili vinavyopingana, na ni ushahidi wa kutosha kwamba nobu hiyo si ya hapo.

Amplifaya za Fender zinaonyesha tofauti hii vizuri. Zile za miaka ya 1950 zilizovikwa kitambaa cha rangi ya majani makavu, pamoja na Bassman iliyoanza kutengenezwa mwaka 1952, zilikuwa na nobu za mshale zenye umbo la kichwa cha kuku, na nyingi kati yake zina paneli ya namba zinazofika 12. Zile za paneli nyeusi za miaka ya kati ya 1960 zilikuwa na nobu nyeusi za sketi zenye namba 1 hadi 10. Vox AC30 ya Uingereza nayo inajulikana kwa nobu za kichwa cha kuku, kwa hiyo umbo peke yake halikwambii nchi. Shafti na kibao cha maelezo ndivyo vitakavyokwambia. Marshall za mwanzo, kuanzia JTM45 ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, zinafahamika kwa nobu nyeusi zenye kifuniko cha rangi ya dhahabu, na namba ziko kwenye paneli.

Magita ya besi

Precision Bass ya Fender ilitoka mwaka 1951 ikiwa na nobu mbili za chuma zenye chromu, ubavu umechongwa mikwaruzo ya kushikia vidole: moja ya sauti, nyingine ya toni. Zote mbili zinafanana, hivyo tofauti yoyote ya urefu, ya mviringo wa juu au ya ukali wa mikwaruzo ina maana kwamba moja imeletwa kutoka kwingine. Zishike mkononi zote mbili. Nobu za seti moja zina uzito mmoja.

Jazz Bass inahitaji maelezo marefu zaidi. Ilipotoka mwaka 1960 ilikuwa na nobu za ghorofa, moja juu ya nyingine, katika nafasi mbili: ya juu ni ya sauti ya pikapu (kifaa kinachonasa mtikisiko wa nyuzi), ya chini ni ya toni yake. Katika miaka ya mwanzo ya muongo huo mpangilio ulibadilishwa kuwa nobu tatu nyeusi za plastiki, mbili za sauti na moja ya toni. Mfumo wa ghorofa una mihimili miwili yenye unene tofauti, kwa hiyo nobu ya chini na ya juu hununuliwa pamoja, na tundu la kila moja hupimwa peke yake. Mfumo wa nobu tatu una mtego wake: ile ya toni ni ndogo kuliko mbili za sauti. Nimeona watu wakiitoa kwa kudhani si ya asili, wakaweka nobu tatu zinazolingana ukubwa, na hapo ndipo gita likapoteza ulinganifu wake halisi. Kulingana si lazima kufanana.

Höfner 500/1, besi yenye umbo la fidla iliyoanza katikati ya miaka ya 1950 huko Ujerumani, ina nobu mbili tu, zenye umbo la kikombe, kwenye kibao chenye swichi za kuteleza. Besi za Gibson kama EB-0 na EB-3 zinajulikana kwa nobu za kofia zenye namba. Katika nobu za kofia zilizo angavu, namba zimechapwa upande wa ndani na huonekana kupitia plastiki, kwa hiyo vidole haviwezi kuzifuta. Namba ukizihisi kwa ukucha juu ya uso wa nobu ya aina hiyo, una nakala mkononi.

Besi ikiwa imefunguliwa, soma namba iliyogongwa nyuma ya potenshiometa. Kwa zile za Marekani, tarakimu tatu za kwanza ni za mtengenezaji: 137 ni CTS, 304 ni Stackpole. Zinazofuata ni mwaka, na mbili za mwisho ni wiki. Kwa mfano, 1376633 ni CTS, mwaka 1966, wiki ya 33. Namba za miaka ya 1950 mara nyingi zina tarakimu moja tu ya mwaka. Tazama pia lehemu: ikiwa ni ya zamani na haijaguswa, potenshiometa ni ya asili na nobu yake inapaswa kufuata vipimo vyake. Lehemu ikiwa mpya inayong'aa, potenshiometa imebadilishwa, na huenda nobu ya asili imetupwa kwenye boksi kwa sababu tu haikuingia kwenye shafti mpya. Ulizia boksi hilo kabla ya kununua chochote.

Kuthibitisha seti

Zipange nobu zote kichwa chini juu ya kitambaa cheupe. Upande wa chini ndio wenye habari, maana hakuna aliyejisumbua kuupamba. Linganisha namba za kalibu (umbo la kumiminia plastiki), alama za mtengenezaji, rangi ya shaba ya ndani na mahali skrubu ilipo ukilinganisha na mshale. Nobu nyingi za kichwa cha kuku za Marekani zina maandishi ya Daka-Ware chini yake. Tatu zikiwa nayo na moja haina, umeshampata mgeni.

Kuhusu bakelaiti, plastiki iliyobuniwa na Leo Baekeland mwaka 1907, wapo wanaoshauri kuchoma kwa sindano ya moto. Sikubaliani na ushauri huo, kwa sababu unaacha kovu la kudumu kwenye nobu ya zamani. Suuza nobu kwa maji ya moto ya bomba na uinuse: bakelaiti hutoa harufu kali ya dawa, plastiki ya kawaida haitoi. Kwa usafi tumia maji ya uvuguvugu na sabuni tu; petroli na tina huondoa namba zilizochapwa na kulainisha baadhi ya plastiki.

Kufunga

Ikiwa nobu ya asili ni ya robo inchi na shafti iliyopo ni ya milimita 6, zungushia shafti bati jembamba la shaba lenye unene usiozidi milimita 0.17, ukiacha mwanya upande wa skrubu ili skrubu ishike chuma cha shafti. Njia hii haiharibu nobu wala potenshiometa, na inaweza kuondolewa siku yoyote.

Unapoagiza nobu kutoka mbali, kwa basi kutoka Dar es Salaam au kwa posta, mtake muuzaji akupe picha ya upande wa chini, kipenyo cha tundu, idadi ya meno kama yapo, upana wa sketi na kimo. Asiyeweza kutoa picha ya upande wa chini usimlipe.

Kabla ya kukaza skrubu, zungusha shafti kinyume na mwendo wa saa hadi ikome, weka mshale au namba ya chini kabisa kwenye alama yake, kisha zungusha hadi mwisho wa pili uone kama inafika kwenye namba ya juu kabisa. Acha nafasi ya unene wa karatasi nene kati ya nobu na paneli ili isikwaruze. Kaza hadi nobu isiteleze, basi. Skrubu ndogo kwenye bakelaiti ikikazwa kupita kiasi huipasua nobu ubavuni. Nobu ngeni ulizozitoa zifunge kwenye mfuko wenye karatasi iliyoandikwa kipenyo na idadi ya meno, kwa kuwa zina chombo chake mahali fulani.